Sauti Ndogo za Nyiragongo: Historia Fupi ya Kupima Matetemeko ya Volkano

Katika wiki ya mwisho ya Mei 2021, simu za watu wengi hapa Kisangani hazikunyamaza. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na Goma ilikuwa ikitikisika mchana na usiku. Kati yetu na Goma kuna zaidi ya kilomita 500 hata kwa mstari ulionyooka, lakini ni vigumu kupata mtaa wa mji wetu usio na mtu mwenye ndugu kule. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinisogelea, akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliokuwa ukipita kutoka simu hadi simu. Msemaji hakujitaja jina. Alisema kwamba usiku ule, saa tisa kamili, tetemeko la kipimo cha 7 lingeipasua Goma na kuimwaga ziwani. Mama akaniuliza: «Mwalimu, wewe umesoma. Saba ni nyingi kiasi gani? Nimwambie mtoto wangu akimbie usiku huu?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tuombe, nasi tukaomba. Lakini nilirudi nyumbani nikiona haya, kwa sababu swali lake lilihitaji sala na elimu pamoja, nami nilimpa moja tu kati ya hivyo viwili. Tangu siku ile nimesoma nilichoweza kukipata juu ya namna wanadamu walivyojifunza kuyapima matetemeko, hasa yale yanayotoka katika milima ya moto ya nchi yetu. Makala haya ni jibu langu kwa mama yule. Limechelewa, lakini naamini bado lina faida.

Gogo moja, mitumbwi miwili

Tuwazie gogo kubwa linaanguka katika mto wetu. Mtumbwi ulio karibu unapinduka. Mtumbwi ulio ng'ambo unayumba kidogo tu. Mtu aliyesimama ufukoni, mbali zaidi, anaona mawimbi madogo yakimgusa miguu. Gogo ni lile lile, lakini kila mmoja wa watu hao atasimulia habari tofauti. Tukitaka kujua jinsi kila mtumbwi ulivyotikiswa, tutawauliza waliokuwa ndani yake. Tukitaka kujua uzito wa gogo lenyewe, hatuna budi kupima mawimbi, kisha kukadiria umbali kati yetu na mahali lilipoangukia.

Ndivyo ilivyo kwa tetemeko la ardhi. Kuna vipimo viwili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni ukali, yaani jinsi tetemeko lilivyohisiwa mahali fulani. Kipimo hiki kilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1902 kwa kazi ya Giuseppe Mercalli wa Italia. Yeye hakuhitaji chombo, alihitaji mashahidi. Je, taa iliyoninginia iliyumba? Waliolala waliamka? Kuta zilipasuka? Kengele za kanisa zililia zenyewe? Kutokana na majibu, kila kijiji kilipewa daraja lake. Tetemeko moja linaweza kuwa na ukali mkubwa hapa na ukali mdogo pale, kama mitumbwi yetu miwili.

Kipimo cha pili ni ukubwa, yaani uzito wa gogo lenyewe. Hicho kilisubiri hadi mwaka 1935, pale Charles Richter, akifanya kazi pamoja na Beno Gutenberg huko California nchini Marekani, alipotafuta namna ya kuyapanga matetemeko kwa haki. Aliweka kanuni rahisi. Tetemeko ambalo, kwenye chombo cha aina maalumu kilicho umbali wa kilomita 100, linachora wimbi la kimo cha milimita 1, liitwe tetemeko la 3. Likichora milimita 10, ni la 4. Likichora milimita 100, ni la 5. Kwa mpango huo tetemeko la 6 lingechora mita nzima, kimo ambacho hakuna karatasi ya chombo inayoweza kukichukua. Kwa hiyo hupimwa kutoka mbali zaidi, kisha umbali huingizwa katika hesabu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Tunadhani kwamba kutoka 5 hadi 7 ni hatua mbili ndogo, kama kutoka mwaka wa tano hadi wa saba wa shule. Sivyo. Kila hatua moja huzidisha kimo cha mchoro mara 10, na nishati inayotoka huzidi mara 32 hivi. Hatua mbili ni nishati mara 1000. Baadaye, mwaka 1979, Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walipendekeza hesabu nyingine inayozingatia eneo la mwamba lililovunjika na umbali ambao pande zake zimeteleza. Wataalamu hutumia hesabu hiyo leo kwa matetemeko makubwa, ingawa redio zetu bado hutaja jina la Richter kwa mazoea.

Tushike jambo moja kabla hatujaendelea: namba hiyo hupatikana baada ya tetemeko kupita. Ni hesabu ya kilichokwisha kutokea. Hakuna chombo wala mtaalamu duniani awezaye kutangaza kwamba usiku wa leo, saa tisa, litapiga tetemeko la kiasi fulani.

Chombo kinachobaki nyuma

Chombo kinachoandika matetemeko huitwa sismografu. Siri yake inajulikana na kila mtu aliyewahi kupanda lori akiwa amesimama: lori linapoondoka ghafula, mwili wako unataka kubaki nyuma. Ndani ya sismografu ya zamani kuna uzito ulioning'inizwa. Ardhi ikitikisika, sanduku linakwenda nayo, lakini ule uzito unachelewa. Kalamu iliyofungwa kwenye uzito huandika tofauti hiyo juu ya karatasi inayozunguka polepole. Leo kalamu nyingi zimeachwa, na mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme na kuhifadhiwa katika kompyuta, lakini kanuni ni ile ile.

Historia ya chombo hiki inagusa milima ya moto tangu mwanzo, na inagusa pia historia ya Kanisa. Kwenye mteremko wa Vesuvius, karibu na mji wa Napoli, kilijengwa kituo cha kuangalia volkano mwaka 1841. Huko Luigi Palmieri aliweka mwaka 1856 sismografu iliyotumia umeme, akatambua kwamba mitetemo midogo isiyohisiwa na watu huongezeka mlima unapokaribia kulipuka. Mlima ulipolipuka mwaka 1872 Palmieri hakukimbia, bali alibaki kituoni akiandika. Miaka mitatu baadaye, huko Firenze, padri Filippo Cecchi wa shirika la Wapiaristi alitengeneza sismografu yake. Mercalli tuliyemtaja naye alikuwa padri na mwalimu, na aliongoza kituo cha Vesuvius tangu mwaka 1911 hadi alipofariki mwaka 1914.

Nawataja watu hawa kwa sababu bado kuna waamini wanaodhani kwamba kuuchunguza mlima ni kumtilia Mungu shaka. Mapadri wale walisoma Misa asubuhi, kisha wakaenda kusoma karatasi za chombo.

Kwa nini volkano huwashinda wapimaji

Matetemeko makubwa yanayobomoa miji kwa kawaida si ya volkano. Yanatoka pale ambapo vipande vikubwa vya ardhi husuguana na kuvunjika. Mashariki mwa nchi yetu tunayajua, kwa maana Bonde la Ufa linapita huko. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la 6.2 lilitokea upande wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba Kalemie.

Matetemeko ya volkano huwa madogo zaidi, na mengi hayafiki hata 3. Wataalamu huyagawa katika aina tatu. Ya kwanza hutokea mwamba mgumu unapopasuka kwa kusukumwa na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Haya huanza kwa kishindo cha wazi na kwisha upesi, na mchoro wake umechongoka. Ya pili hutokea magma na gesi zinapopenya katika nyufa, na mawimbi yake ni mapana na ya polepole. Ya tatu ni mtetemo usiokatika, unaoweza kudumu kwa dakika, kwa saa, au kwa siku nyingi, kama mngurumo wa mashine ya kusagia mihogo iliyo mtaa wa pili: huwezi kusema ulianza lini hasa, lakini unajua kwamba upo.

Rula ya Richter ilitengenezwa kwa kishindo chenye mwanzo na kilele, na mtetemo wa namna ya tatu hauna hivyo. Kwa matetemeko madogo ya volkano, wapimaji wengi hutumia njia nyingine: badala ya kimo cha wimbi, hupima muda ambao mchoro uliendelea kutikisika kabla ya kutulia. Lakini hata hapo, ukubwa wa tetemeko moja ni habari ndogo tu. Mwenye kuangalia volkano huuliza maswali mengine: Leo yametokea mangapi, na jana yalikuwa mangapi? Ni ya aina gani? Yanatoka kina gani? Je, yanahama?

Ili kujua yanatoka wapi, chombo kimoja hakitoshi. Jambo hili naweza kulieleza darasani kwa bikari. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili, moja likienda mbio kuliko jingine. Kadiri tetemeko lilivyo mbali, ndivyo la pili linavyozidi kuachwa nyuma. Kila sekunde moja ya kuachana ni kama kilomita 8 za umbali. Kwa hiyo kituo kimoja hukuambia umbali, lakini hakikuambii upande. Chora duara kukizunguka. Kituo cha pili kitakupa duara la pili, na maduara hayo mawili hukatana mahali pawili: ni wapi hasa? Duara la tatu ndilo linalokata shauri. Na ukitaka kujua kina kwa uhakika, unahitaji vituo zaidi ya vitatu, tena vilivyo karibu. Msomaji aikumbuke hesabu hii ya vituo vitatu, kwa maana tutaihitaji tutakapofika mwaka 2002.

Kutoka Lwiro hadi Goma

Katika nchi yetu kazi hii ilianza Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliunda taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa herufi IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake makuu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Jean-Claude De Bremaecker alisimamia huko kazi ya sismografu, na mwaka 1959 alichapisha uchunguzi wake juu ya matetemeko ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Baada ya uhuru kazi ilishikwa na wana wa nchi. Zana Ndontoni, mtaalamu Mkongomani wa elimu ya matetemeko, alishirikiana na Wajapani, hasa Hiroyuki Hamaguchi wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Taasisi ya Lwiro leo huitwa CRSN.

Lwiro iko karibu kilomita 90 kutoka Nyiragongo. Kwa matetemeko makubwa ya Bonde la Ufa, umbali huo si kitu. Kwa minong'ono ya volkano ni mbali mno.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Kwa miaka mingi kulikuwa na ziwa la lava likichemka ndani ya shimo la mlima, na ziwa hilo lote lilimwagika katika muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi, hivyo kwenye miteremko ya juu ilikimbia kama gari, ikavifunika vijiji kabla watu hawajatambua kinachowajia. Idadi ya waliokufa haikuafikiwa kamwe. Wapo wanaohesabu makumi na wapo wanaohesabu mamia.

Baada ya msiba huo wataalamu wa Zaire na wa Japani waliweka vyombo karibu zaidi na milima. Mwaka 1986 kikaanzishwa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa herufi OVG. Kazi yake ni kuziangalia Nyiragongo, yenye kimo cha mita 3470, na jirani yake Nyamulagira, ambayo ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi barani Afrika.

Vyombo viwili mwaka 2002

Kisha zikaja vita. Mwaka 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walijaa miguuni pa milima ile, na kuanzia mwaka 1996 majeshi yakapita na kurudi. Sismografu iliyowekwa msituni inahitaji betri na mbao za umeme wa jua, na vitu hivyo vina bei sokoni. Vituo vikaporwa kimoja baada ya kingine. Mwishoni mwa mwaka 2001 vilivyobaki vikifanya kazi vilikuwa viwili tu: Katale na Bulengo.

Viwili! Msomaji anayekumbuka maduara yetu anaelewa maana yake. Watu wa OVG waliona kwamba ardhi haikutulia, lakini hawakuwa na duara la tatu la kukata shauri.

Hata hivyo hawakukaa kimya. Dieudonné Wafula, mtafiti wa kituo hicho, alikuwa amefuatilia michoro tangu Nyamulagira ilipolipuka Februari 2001. Aliona matetemeko ya mawimbi mapana na mitetemo isiyokatika ikiongezeka upande wa Nyiragongo. Oktoba 2001 na tena mwanzoni mwa Januari 2002 yalitokea matetemeko ambayo hata watu waliyahisi. Wafula aliandika kuonya kwamba Nyiragongo inaweza kulipuka. Lakini nchi ilikuwa imegawanyika, na waliokuwa na uwezo wa kuuandaa mji hawakuuandaa.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka kuelekea mji. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 300,000 walikimbilia upande wa Gisenyi nchini Rwanda, na wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Zaidi ya mia moja walikufa, wengi wao katika mlipuko wa kituo cha mafuta ambako watu walikuwa wakichota petroli baada ya lava kupita. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutikisika na kupasua nyumba zilizokuwa zimesalimika.

Kanisa kuu la Goma nalo liliteketea. Lava haikuchagua kati ya kanisa na duka la pombe. Tulisikia wakati ule watu wakisema kwamba Goma iliadhibiwa kwa dhambi zake. Mwenye kusema hivyo na asome tena, katika Injili ya Luka, jinsi Bwana mwenyewe alivyowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakukubali kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Mimi naongeza swali la mwalimu wa shule: kama vituo vingekuwa vitano badala ya viwili, na kama onyo lingesikilizwa, wangekufa wangapi?

Dakika arobaini mwaka 2021

Baada ya mwaka 2002 misaada ilikuja. Goma ilipata mbao za rangi za kuwaonyesha watu hali ya volkano: kijani, manjano, rangi ya machungwa, nyekundu. Mwongo mmoja baadaye, kwa ushirikiano na wataalamu wa Ubelgiji na Luxembourg, ulijengwa mtandao wa sismografu za kisasa kuzunguka Ziwa Kivu. Lakini mtandao unahitaji malipo ya kila mwezi, watu wa kuulinda, na intaneti ya kupeleka habari. Msaada mkubwa ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilikaa miezi kadhaa kikiwa na shida ya kupata habari za vyombo vyake, na hali hiyo ilianza kurekebishwa majuma machache tu kabla ya msiba.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni ya mkesha wa Pentekoste, Nyiragongo ilipasuka tena. Watafiti walipochambua baadaye michoro ya siku hiyo, walikuta kwamba dalili za wazi zilianza takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Hayakutangulia majuma ya matetemeko yanayoongezeka. Walieleza kwamba magma ilikuwa tayari karibu sana na juu, na kwamba ukuta wa mlima ulichoka ukapasuka, kama mtungi wa zamani unaopasuka siku ambayo hukuugonga. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba kwa maelfu ziliteketea, hasa upande wa Buhene.

Tuseme kweli: hata kama vyombo vyote vingekuwa vizima na kila mtu yuko mezani pake, mlima ungewapa muda mfupi sana. Elimu ina mipaka, na mwenye elimu ya kweli ndiye wa kwanza kuikiri.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya lava kusimama, yakaja yale matetemeko yaliyomtia hofu mama yetu. Yalikuwa mamia kwa siku chache, na yenye nguvu zaidi yalikaribia 5. Safari hii vituo vilikuwa vya kutosha kuchora maduara, na maduara yalisema jambo la kutisha: matetemeko yalikuwa yakihama kuelekea kusini. Magma ilikuwa inapenya katika ufa chini ya mji wenyewe, mahali pengine bila kufika hata kilomita moja kutoka juu, ikielekea ziwani. Na Ziwa Kivu lina gesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake, ile kabonidayoksaidi ambayo watu wa Goma, inapokusanyika mabondeni na kuua bila harufu, huiita mazuku. Wakubwa walikumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambako mwaka 1986 gesi ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 1700 usiku mmoja.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu kwa mamia ya maelfu waliondoka, wengine kwa miguu hadi Sake, wengine kwa meli hadi Bukavu, wengine wakavuka Rwanda. Magma haikutoka. Matetemeko yalipungua, na mwezi Juni watu wakaanza kurudi. Wengine walirudi wakiwa na uchungu, wakisema kwamba walitaabishwa bure.

Nawaelewa, kwa maana mateso ya njiani yalikuwa makubwa. Lakini tutazame miaka hii miwili kwa pamoja. Mwaka 2002 onyo lilitolewa, watu hawakuhamishwa, na mlima ukaja. Mwaka 2021 watu walihamishwa, na mlima haukuja. Ni kosa gani kati ya haya mawili tungependa lirudiwe?

Jibu lililochelewa

Sasa namrudia mama yangu wa jumuiya. Usiku ule saa tisa ilifika na kupita, na Goma haikupasuka. Mtoto wake alitembea hadi Sake pamoja na jirani zake, na mwezi uliofuata akarudi nyumbani. Lakini kama angeniuliza tena leo, ningemjibu hivi:

«Mama, saba ni nyingi sana. Kati yake na matetemeko ya siku hizi, yanayokaribia tano, nishati yake ni mara elfu moja na zaidi. Anayekutajia namba pamoja na saa ametunga, kwa sababu namba huja baada ya tetemeko, haiji kabla. Futa ujumbe huo, usimpelekee mtu mwingine. Lakini usimwambie mtoto wako kwamba hakuna hatari kwa kuwa namba ni ndogo. Kwa volkano, sauti ndogo zinazohama ndizo za kuogopwa kuliko kishindo kimoja. Asikilize wanaokaa mezani mbele ya michoro. Wakisema atoke, atoke, hata kama baadaye itaonekana kwamba ilikuwa bure. Sasa tuombe.»

Tunakumbuka jinsi nabii Eliya, mlimani Horebu, alivyopitiwa na upepo mkali, na tetemeko, na moto, na kwamba Bwana hakuwa ndani ya hayo yote, bali baada yake ilikuja sauti ndogo, ya utulivu. Sitaki kuligeuza Andiko hilo kuwa somo la sayansi. Nasema tu kwamba Eliya aliisikia sauti ile kwa sababu alikuwa amesimama pale, akisikiliza, hata baada ya kelele kupita. Wapo ndugu zetu wanaofanya kazi ya namna hiyo mbele ya Nyiragongo, mara nyingi bila vifaa vya kutosha, usiku ambao sisi tumelala.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Ni habari gani ya kutisha tuliyowahi kuisambaza kwa simu bila kujua imetoka kwa nani? Ilimdhuru nani?

2. Betri na mbao za vituo vya volkano ziliibwa na watu, zikanunuliwa na watu. Katika mtaa wetu kuna mali gani ya wote, kama nyaya za umeme, bomba la maji au vifaa vya shule, inayouzwa kwa namna hiyo, nasi tunanyamaza?

3. Ndugu zetu wa Goma wakihamishwa tena, jumuiya yetu ya Kisangani itafanya nini katika siku tatu za kwanza?